Pipa la bluu hulipiwa na nani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu fedha za urejelezaji taka katika miji ya Marekani

Maelezo haya yanahusu Marekani, ambako kwa kawaida mji au kaunti ndiyo huendesha mpango wa kurejeleza taka za majumbani, yaani zile zinazotiwa kwenye pipa la bluu ili zitumike tena kama malighafi. Wasomaji wengi wa Kiswahili walioko huko hukutana nao kwanza kwenye bili ya maji: mstari mmoja wa ada, dola kadhaa kwa mwezi, bila maelezo. Tani inayotajwa hapa ni ya Kimarekani, yaani ratili 2,000, karibu kilo 907.

Mji unauza makopo na maboksi yetu. Mbona bado tunatozwa?

Kwa sababu mauzo hayatoshi, na hata miaka ya neema ni nadra yatoshe. Kinachokula fedha nyingi ni lori: dereva, dizeli, matairi, na kusimama mbele ya kila nyumba barabara nzima. Gharama ya pili ni kuchambua. Mauzo yanakuja nyuma ya yote hayo, na kazi yake ni kupunguza makali.

Mhasibu anayeijua kazi hii huyaandika mapato ya mauzo kama punguzo la gharama, hayaandiki kama chanzo cha fedha. Miji iliyochukua bei za mwaka mzuri ikapanga nazo bajeti ya mwaka uliofuata ndiyo iliyoumia zaidi soko lilipogeuka.

Hata hivyo, kukosa faida si lazima iwe hasara. Taka usiyoirejeleza haiyeyuki. Lori litaichukua vilevile, na getini kwa dampo kuna mizani na ada kwa kila tani. Swali la haki ni hili: kurejeleza tani moja kunagharimu kiasi gani kuliko kuizika?

Basi fedha zinatoka wapi?

Hakuna chungu kimoja. Kila mji una mchanganyiko wake, na kila chanzo kina ugonjwa wake.

Kuna miji inayotumia mfuko mkuu, ule unaojazwa na kodi ya majengo na kodi nyingine. New York ni mfano mkubwa: mwenye nyumba hapati bili ya taka, Idara ya Usafi inapangiwa fungu lake kwenye bajeti ya mji. Raha yake ni kwamba hakuna anayeshindwa kulipa. Karaha yake ni kwamba mwaka wa nakisi, pipa la bluu linashindana na polisi, zimamoto na shule, na mara nyingi linashindwa.

Miji mingine inatoza ada ya moja kwa moja kwenye bili ya maji au ya taka. Fedha hii ina utulivu, lakini kuipandisha ni kazi. California, kwa mfano, ina kanuni iliyoingizwa kwenye katiba ya jimbo na wapigakura mwaka 1996, inayojulikana kama Pendekezo la 218. Ada nyingi za namna hii haziongezwi mpaka wenye mali wapelekewe barua siku 45 kabla ya kikao, na wengi wao wakipinga kwa maandishi, ongezeko linakufa hapo hapo. Soko linaweza kuporomoka ndani ya miezi miwili. Ada haiwezi kulifuata kwa kasi hiyo.

Kuna njia ambayo sisi tunaiona bora kuliko zote za ada: kutoza kwa ukubwa wa pipa la taka za kawaida. Seattle ilianza mwaka 1981. Pipa dogo la taka, bili ndogo. Pipa kubwa, bili kubwa. Mwenye nyumba ana sababu ya mfukoni ya kupeleka maboksi kwenye pipa la urejelezaji. Ugonjwa wake: kuna wanaochagua pipa dogo la taka kisha kumalizia uchafu wao kwenye pipa la bluu, kwa hiyo njia hii inataka ukaguzi wa mapipa.

Majimbo nayo hutoza dampo na kugawia miji ruzuku. Pennsylvania, kwa Sheria Namba 101 ya mwaka 1988, inatoza dola 2 kwa kila tani inayozikwa au kuchomwa, na fedha hiyo inasaidia miji kununua malori na mapipa, pamoja na tuzo kulingana na tani zilizorejelezwa. Hapa kuna kitendawili ambacho hakina mteguzi: watu wakirejeleza zaidi, tani za dampo zinapungua, na mfuko unaolipia urejelezaji unakauka. Isitoshe, dola 2 za mwaka 1988 si dola 2 za leo.

Serikali ya shirikisho iko mbali na kazi hii ya kila siku. Sheria ya miundombinu ya mwaka 2021 ilitenga dola milioni 275 kwa miaka mitano, kupitia shirika la mazingira EPA, kwa ajili ya mitambo na vituo vya urejelezaji. Ruzuku ya namna hiyo hununua mashine. Haimlipi dereva Jumatatu.

Vinabaki vyanzo viwili, mauzo yenyewe na fedha za wazalishaji wa vifungashio. Kila kimoja kina swali lake hapa chini.

Bei ya tani inapigwaje hesabu?

Hapa ndipo penye kiini, kwa hiyo tutakwenda polepole. Tuchukue tani 100 zilizoingia kwenye kiwanda cha kuchambulia. Namba hizi ni za mfano, lakini muundo ndio ule unaokutana nao kwenye mikataba.

Zikichambuliwa, tani hizo 100 zinatoa: karatasi mchanganyiko 35, maboksi 25, kioo 18, chupa za plastiki za maji na soda 5, madebe ya plastiki ya maziwa na sabuni 3, makopo ya chuma 3, makopo ya alumini 1, na uchafu usiohusika 10.

Mwezi mzuri, karatasi inauzwa dola 70 kwa tani, maboksi 120, chupa 350, madebe 600, chuma 150, alumini 1,300. Kioo hakiuzwi, unalipa dola 25 kwa tani kiondolewe. Uchafu unalipa 70 uende dampo. Jumlisha, toa, na mzigo wote una thamani ya dola 9,600, yaani wastani wa dola 96 kwa tani.

Mwezi mbaya, karatasi inageuka kuwa deni la dola 5, maboksi yanashuka hadi 35, chupa 200, madebe 350, chuma 90, alumini 900. Kuondoa kioo ni 30, dampo ni 75. Mzigo ule ule sasa ni dola 2,630. Wastani: dola 26 na senti 30.

Kiwanda kinatoza kuchambua. Tuseme dola 85 kwa tani, soko liwe juu au chini, maana mishahara na umeme havisikilizi soko. Mkataba wa kawaida unasema: toa 85 kwenye wastani, kikibaki kitu, mji na kiwanda vinagawana nusu kwa nusu, kikipungua, mji unalipa upungufu wote.

Mwezi mzuri zinabaki dola 11, mji unapata 5 na nusu. Mwezi mbaya zinapungua dola 58 na senti 70, na mji unazilipa zote. Kwa mji unaopeleka tani 20,000 kwa mwaka, mwaka mzima wa bei nzuri unaingiza dola 110,000. Mwaka mzima wa bei mbaya unatoa dola 1,174,000. Faida mnagawana, hasara unakula peke yako. Diwani aliyepitisha mkataba huo katika mwaka mzuri aliona zile 110,000 tu.

Sasa rudisha ada ya dampo kwenye hesabu. Kama dampo la karibu linatoza 75, kulipa 58 na senti 70 bado ni nafuu. Kama dampo linatoza 35, kama ilivyo katika maeneo yenye ardhi tele, kurejeleza kunagharimu zaidi, na mji unapaswa kuwaambia wananchi wazi kwamba unalipia kitu kingine kisicho bei ya dampo. Ndiyo maana mporomoko ule ule wa soko wa 2018, unaoelezwa hapa chini, uliua mipango katika miji midogo ya kusini na katikati ya nchi huku ile ya pwani ikitikisika tu.

Bei zenyewe anapanga nani?

Viwanda vya karatasi, vya plastiki na vya kuyeyusha chuma hununua kwa mapatano, na kuna machapisho ya biashara yanayokusanya bei hizo kwa kanda na kuzitoa kama bei elekezi. Mikataba mingi hutaja bei elekezi ya mwezi kwa kanda husika badala ya bei halisi aliyouzia mkandarasi, yaani mwenye kiwanda cha kuchambulia. Ni jambo jema kwa mji: mkandarasi akiuza kwa bei ya kutupa, hasara ni yake. Ubaya ni pale mzigo wenu ni mchafu kuliko daraja linalotajwa kwenye bei elekezi, maana mkandarasi atadai kuipunguza.

Ni nini hasa kilichotokea mwaka 2018?

Kwa miaka mingi meli za makontena zilileta bidhaa za China Marekani na kurudi karibu tupu. Nauli ya kurudi ilikuwa rahisi mno, kwa hiyo marobota ya karatasi na plastiki yalipanda meli. China ilihitaji karatasi chakavu ya kutengenezea maboksi ya kufungia bidhaa, na mzunguko ukaendelea. Wachambuzi wa taka wa Kichina waliajiriwa kwa malipo madogo, hivyo robota chafu lilipokelewa. Viwanda vya Marekani vikazoea: mikanda ikaendeshwa kwa kasi, uchafu ukaachwa upite.

Onyo la kwanza lilikuja mwaka 2013, China ilipoanza kukagua makontena kwa ukali. Julai 2017 ikaliarifu Shirika la Biashara Duniani kwamba itapiga marufuku aina 24 za taka, zikiwemo plastiki za majumbani na karatasi mchanganyiko. Marufuku ikaanza Januari 2018. Kwa aina zilizobaki, kuanzia Machi 2018 kiwango cha uchafu kikawa asilimia 0.5. Daraja la kawaida la maboksi katika biashara ya Marekani linaruhusu asilimia 1 ya vitu vilivyokatazwa kabisa, na karatasi mchanganyiko asilimia 2. Chukua robota la kilo 600: mnunuzi wa China sasa aliruhusu kilo 3 tu za uchafu ndani yake. Chupa mbili tatu za sosi zenye mabaki, nepi moja iliyolowa, umekwisha kufika.

Karatasi mchanganyiko, ambayo kwa uzito ndiyo sehemu kubwa ya pipa la bluu, ikaanguka hadi sifuri na chini ya sifuri katika kanda nyingi. Plastiki ikakimbilia Malaysia, Thailand na Vietnam, nazo zikafunga milango kiasi. Januari 2021 China ikakataza taka ngumu zote, na mwezi huo huo marekebisho kuhusu plastiki ya Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa kudhibiti usafirishaji wa taka kati ya nchi, yakaanza kutumika.

Wengi huishia hapo. Lakini soko lilijijenga upya kwa namna yake. Kampuni ya Kichina ya Nine Dragons, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa karatasi chakavu, ilinunua viwanda vya karatasi ndani ya Marekani mwaka 2018, kikiwemo cha Rumford, Maine. Kiwanda kipya cha kutumia karatasi chakavu kilifunguliwa Wapakoneta, Ohio, mwaka 2019, na kingine Green Bay, Wisconsin, mwaka 2021. Ununuzi wa mtandaoni wakati wa korona ukaongeza mahitaji ya maboksi, bei ikapaa mwaka 2021, kisha ikaporomoka tena nusu ya pili ya 2022. Kwa hiyo 2018 haikuwa mwisho wa dunia wala kosa la China peke yake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi kusoma mikataba yao.

Ni kweli kuna miji iliyochoma taka zilizotengwa na wananchi?

Ndiyo. Philadelphia, baada ya mkataba wake kumalizika 2018 na bei mpya kuwa kubwa mno, ilipeleka karibu nusu ya taka za pipa la bluu kwenye tanuri la kuzalisha umeme lililoko Chester kwa miezi kadhaa, hadi ilipopata mikataba mingine mwaka 2019. Mji haukuficha, lakini uaminifu ukishavunjika si wa kuungwa kwa tangazo moja.

Kwa nini mji usisimamishe mpango kwa muda, bei ikipanda urudi?

New York ilijaribu. Julai 2002, ikiwa na nakisi kubwa baada ya mashambulizi ya Septemba 11, ilisimamisha kukusanya plastiki na kioo kwa hoja kwamba tani yake ni ghali. Plastiki ikarudi Julai 2003, kioo Aprili 2004.

Tatizo la kwanza likawa hesabu. Dampo la mji la Fresh Kills lilikuwa limefungwa Machi 2001, kwa hiyo kila tani isiyorejelezwa ilisafirishwa kwenda majimbo mengine kwa bei iliyokuwa ikipanda. Akiba ikawa ndogo kuliko ilivyotarajiwa. La pili likawa lori: lilipita mitaa ile ile likiwa na mzigo mdogo, kwa hiyo gharama ya kila tani iliyobaki ikapanda. La tatu, na hili ndilo linalochukua miaka kurekebisha, watu wakachanganyikiwa. Aliyeambiwa mwaka huu usitenge, mwakani tenga, mwaka wa tatu tenga na kioo, huishia kutotenga chochote.

Baada ya hapo mji ulichukua njia tofauti kabisa: mkataba wa miaka 20 wa chuma, plastiki na kioo, uliompa mkandarasi uhakika wa kujenga kiwanda kikubwa cha kuchambulia ufukweni Sunset Park, Brooklyn, kilichofunguliwa Desemba 2013. Mzigo mwingi hufika kwa tishari badala ya lori. Kwa karatasi, mji ulikuwa na mnunuzi wa karibu tangu 1997, kiwanda cha Staten Island. Ilipofika 2018, New York ilitikisika lakini haikuanguka.

Katika baadhi ya majimbo kuacha hakuruhusiwi kisheria. Sheria ile ya Pennsylvania inaulazimisha kila mji wenye watu zaidi ya 10,000 kuwa na ukusanyaji wa kando ya barabara.

Mfuko mmoja wa plastiki una ubaya gani?

Ndani ya kiwanda, mzigo unapanda kwenye mkanda na kufika kwenye mihimili inayozunguka yenye visahani vya mpira. Maboksi na karatasi, kwa kuwa ni bapa, huelea juu ya visahani. Chupa na makopo hudondoka kati yake. Mfuko laini hauelei wala haudondoki. Unajiviringisha kwenye mhimili, unafuatwa na wa pili, na mpira wa kumwagilia bustani, na taa za Krismasi. Baada ya saa chache visahani vimefunikwa kama muwa uliofungwa kwa majani: nafasi zimeziba, karatasi na chupa zinakwenda njia moja, na marobota ya pande zote mbili yanachafuka.

Hapo mtambo unazimwa, swichi inafungwa kwa kufuli, na wafanyakazi wanaingia wenyewe kati ya mihimili wakiwa na visu, kuikata mifuko hiyo. Hufanyika kila siku, viwanda vingine kila zamu. Mji unalipa saa hizo.

Kwa fedha, rudi kwenye mfano wetu wa mwezi mbaya. Uchafu ukitoka asilimia 10 hadi 20, wastani wa thamani unashuka kutoka dola 26 na senti 30 hadi kama dola 15. Kwa tani 20,000 hiyo ni zaidi ya dola 225,000 kwa mwaka, bila soko kubadilika hata senti.

Hatari mpya kuliko zote ni betri za lithiamu. Zikibanwa na lori au mashine ya marobota zinawaka, na bima ya viwanda hivi imepanda kwa sababu hiyo. Betri isitiwe kwenye pipa lolote la nyumbani. Ipelekwe kituo cha kukusanyia, ncha zake zikiwa zimefunikwa kwa utepe.

Kwa nini mji wetu umeacha kuchukua kioo?

Kioo ni kizito, bei yake ni ndogo au hasi, kinavunjika ndani ya lori, vipande vinaingia kwenye karatasi na kusaga mikanda. Kikiwekwa peke yake ni habari nyingine. Kaskazini mwa Virginia, kaunti za Fairfax na Arlington pamoja na Alexandria ziliweka makontena ya zambarau ya kioo tu mwaka 2019, na kioo hicho safi kinapata kazi, ikiwemo kusagwa kuwa kokoto na mchanga wa ujenzi.

Amana ya chupa, senti 5 au 10 unazorudishiwa ukirudisha chupa, inausaidia mji au inauumiza?

Vyote viwili. Majimbo 10 yana mpango huo, Oregon ikiwa imepitisha sheria yake mwaka 1971. Michigan, Oregon na Connecticut hutoza senti 10. Chupa zinarudi safi, barabara hazina takataka, na kioo kinakuwa na soko. Lakini kinachorudi dukani ni alumini na chupa za soda, yaani vitu vyenyewe vinavyobeba thamani ya pipa la bluu. Mji unabaki na karatasi na kioo cha sosi. Hilo lisiwe hoja ya kukataa amana. Liwe sababu ya kuandika upya hesabu ya mkataba wa kuchambua mara amana inapoanza au kupanuliwa. Vilevile uliza amana zisizodaiwa zinakwenda wapi: katika jimbo la New York, asilimia 80 huenda kwa serikali ya jimbo, na mji hauna fungu lake humo.

Wazalishaji kulipia vifungashio vyao kunabadilisha nini?

Kunahamisha bili. Kampuni inayouza bidhaa ndani ya karatasi au plastiki hulipa ada kulingana na uzito na aina ya kifungashio, na fedha hiyo inagharimia urejelezaji. Maine ilikuwa ya kwanza kupitisha sheria, Julai 2021, ikifuatwa na Oregon mwaka huo huo, Colorado na California mwaka 2022, Minnesota mwaka 2024, kisha Maryland na Washington mwaka 2025.

Sheria hizi hazifanani. Maine imekusudia kuirudishia miji gharama zake. Colorado inawabebesha wazalishaji gharama yote ya huduma ya majumbani. Oregon, iliyoanza utekelezaji Julai 2025, imeacha huduma mikononi mwa miji na kampuni za kukusanya, lakini ina ada mbili zinazogusa moja kwa moja mada yetu: moja inalipa kiwanda kwa kazi ya kuondoa uchafu, nyingine inafidia pengo kati ya gharama ya kuchambua na thamani ya soko. Hiyo ya pili ndiyo dawa halisi ya mwezi mbaya, kwani mshtuko wa bei unampata aliyetengeneza kifungashio kabla ya kumfikia mlipa ada wa mji.

Plastiki iliyorejelezwa mbona haina bei ya uhakika?

Mshindani wake ni plastiki mpya, na hiyo inafuata bei ya mafuta na gesi. Mafuta yakiwa rahisi, kiwanda cha chupa hakina sababu ya kulipia zaidi. Kinachosaidia ni sheria ya kumlazimisha mnunuzi: California inataka chupa za vinywaji ziwe na asilimia 25 ya plastiki iliyorejelezwa tangu 2025, na asilimia 50 kuanzia 2030.

Mkataba mzuri una vifungu gani?

Hasara igawanywe kama faida inavyogawanywa, au mji uwe na kikomo cha juu cha malipo kwa tani. Ukaguzi wa mchanganyiko wa taka ufanyike angalau mara mbili kwa mwaka, sampuli zichukuliwe kwenye njia mbalimbali za malori, mwakilishi wa mji akiwepo sakafuni. Ukaguzi wa miaka minne iliyopita hauna thamani, kwa sababu magazeti yamepungua na maboksi yameongezeka. Mzigo uliokataliwa uwe na tafsiri ya namba, pamoja na picha na saa, isiachwe kwa jicho la msimamizi wa zamu.

Kifungu cha mabadiliko ya sheria kisomwe kwa makini kuliko vyote: mwaka 2018 wakandarasi walikitumia kudai bei mpya katikati ya mkataba. Mwisho, mji uweke akiba ya soko. Kinachoingia mwaka wa neema kikae kwenye mfuko wake, kisilipe mishahara.

Bei ikipanda, ada yangu itashuka?

Usisubiri. Miji mingi hutumia nafuu hiyo kuziba pengo la nyuma.

Hili linahusianaje na Nairobi au Dar es Salaam?

Soko ni moja, ila kinga ni tofauti. Kenya, katiba ya 2010 imeziachia kaunti kazi ya taka, na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imeleta wajibu wa mzalishaji. Tanzania kazi hiyo ni ya halmashauri. Lakini chupa na skrepa nyingi haziokotwi na gari la mji. Huokotwa na watu wanaouza kwa kilo kwa mnunuzi wa mtaani. Hakuna mkataba wala bei elekezi kati yao na soko, kwa hiyo plastiki mpya ikishuka bei, muokota chupa anaambiwa siku hiyo hiyo mizanini. Kaunti inayopanga kutumia ada za wazalishaji ingefanya vema kuiga ile ada ya Oregon ya kufidia pengo la soko, na kuielekeza kwenye bei ya kilo pale mizanini.

Bili yangu imepanda. Niulize nini kwenye kikao cha baraza?

Omba nakala ya mkataba wa kuchambua. Ni waraka wa umma. Tafuta namba tano: ada ya kuchambua kwa tani, mgawanyo wa faida na hasara, tarehe ya ukaguzi wa mwisho, asilimia ya uchafu, na ada ya dampo kwa tani. Kisha omba ankara za miezi 12 na uziweke sambamba na mkataba. Ukikuta ada ya kuchambua imepanda lakini mchanganyiko wa taka unaotumika kwenye hesabu ni wa ukaguzi wa zamani, hapo pana fedha, na swali lako liwe ukaguzi mpya utafanyika lini. Dakika za mwananchi kuzungumza kwa kawaida ni tatu, kwa hiyo peleka namba hizo kwa maandishi kwa karani wa mji kabla ya kikao.